Haki Sawa kwa Pande Tatu

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba.

Siku kubwa! Leo nimeteuliwa. Tuseme nimejiteua, lakini hakuna aliyepinga kwa sauti.

Mkutano wa kijiji, saa nne, kwenye eneo la malisho. Uwanja wa mpira wa zamani umejengwa zahanati, kwa hiyo malisho ndiyo uwanja mpya. Jumamosi hii ni fainali ya wasichana ya kata. Zawadi ni ng'ombe dume mweusi. Nimemwona mwenyewe. Nundu kama kichuguu! Na kapteni wa timu yetu ya Nyamwaga ni nani? Robi, binti wa dada yangu Waisiko. Ule mguu wa kushoto! Mwaka jana alipiga mpira ukatoboa sufuria ya jirani, na jirani akashangilia.

Sasa habari yenyewe. Afisa michezo, Bwana Osward, ameleta barua. Ijumaa anakuja kupima uwanja. Anataka kona nne zilizosimama sawasawa kama kona za daftari. Zikiwa zimeyumba, fainali inahamia Turwa mjini. Hapo dada yangu akasimama, akasema mbele ya watu wote kwamba binti yake hachezi mjini, hajui nani atamtazama wala nani atamrudisha. Anacheza hapa, mama akiwa pembeni, au hachezi. Na yule kocha wa shule ya bweni, anayetoka Musoma Jumamosi kuchagua msichana mmoja wa kusomeshwa bure? Basi ataondoka bila kumwona Robi.

Watu wanatazama viatu. Mwenyekiti akauliza nani ataupima. Erasto fundi, aliyerudi kutoka Nkende na futi ndefu ya chuma na kiburi kirefu kuliko futi, akaanza kunyanyua mkono polepole. Mimi nikasimama mwili mzima! Nikawaambia ni mimi niliyepima uwanja wa ndege kule Serengeti. Ndege zilitua zimenyooka mpaka rubani mmoja akashuka akanipa mkono huku analia.

(Kweli kazi yangu kule ilikuwa kufukuza nyumbu kwenye uwanja. Lakini bila mimi marubani wangetua juu ya nyumbu. Ni kitu kilekile.)

Mwenyekiti jua lilikuwa limemchosha. Akasema haya, Nchagwa apime. Nimeshakiona kiti changu cha Jumamosi, kile cheupe cha plastiki, meza kuu. Spika inatangaza: Injinia Nchagwa! Na dume likichinjwa, kidari ni cha mjomba wa kapteni. Nani atabisha?

Robi alinikimbilia akaninong'oneza, mjomba, kweli unajua? Nikamwambia alale usingizi.

Sijui hata kidogo. Nyumba zote nilizojenga maishani ni za duara. Duara halina matata. Kigingi, kamba, zunguka, umemaliza. Kona nimeziona kwa watu.

Jumanne, 8 Julai.

Nimepita kwa Mwalimu Theodosia, kumsalimia tu. Ni mtu wa Bukoba, anafundisha hesabu, tena ndiye anayewafundisha mpira wasichana. Nikasifia migomba yake. Nikasema watoto wa siku hizi kona hawazijui, hivi ninyi huko shuleni mnawaambiaje?

Akatabasamu lile tabasamu la walimu. Akachukua kamba, akaipiga mafundo, nafasi kumi na mbili zinazolingana, akaunganisha ncha. Akailaza chini, upande mmoja nafasi tatu, wa pili nafasi nne, na ule wa mshazari nafasi tano. Kona ikasimama yenyewe! Hakuna aliyeishika! Nilitaka kupiga yowe, nikakohoa.

Akanifungulia siri. Tatu mara tatu, tisa. Nne mara nne, kumi na sita. Zijumlishe, ishirini na tano. Na tano mara tano je? Ishirini na tano! Pande mbili fupi zikipatana hivyo na ule mrefu, kona ni mraba, uwe Tarime au uwe Ulaya. Aliyeigundua ni Mgiriki mmoja wa zamani. Jina lake refu, siliandiki, wino unaisha.

Sikutaka aone nimeshangaa. Nikamwambia mbona hilo nilifundishwa na nyati. Kweli! Kule upande wa Ikoma, nyati alinifukuza kwenye shamba la askari wa wanyama. Nyati hajui kukata kona. Akazunguka pembeni mwa shamba, hatua mia tatu, akageuka, hatua mia nne. Mimi nikakata mshazari, mia tano tu. Nilipofika kwenye geti, yeye alikuwa bado ana hatua mia mbili! Mwalimu akauliza nilizihesabuje hatua nikiwa na nyati mgongoni. Nikamwambia mtu mwenye akili anahesabu popote.

Wakati naaga akanionya. Uwanja ni mkubwa, kwa hiyo nikitaka kukuza vipimo nizidishe vyote kwa namba moja. Mara kumi, kwa mfano. Thelathini, arobaini, hamsini. Nikaitikia kwa heshima.

Lakini njiani nikafikiri. Na hapo ndipo nilipompita Mgiriki.

Marehemu baba alikuwa na wake watatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na ng'ombe watano, ya pili wanne, ya tatu watatu. Zikija mahari za binti, baba anaongeza ng'ombe mmoja kwa kila nyumba. Kila nyumba mmoja. Amani! Sasa angesema kila nyumba izidishwe mara mbili? Wenye watano wanaongezewa watano, wenye watatu wanaongezewa watatu? Yangetoka mapanga siku hiyohiyo. Mama yangu alikuwa nyumba ya tatu, naijua hesabu hiyo kwa tumbo.

Kuzidisha ni upendeleo. Kujumlisha ndiyo haki. Kesho naongeza kumi kwa kila upande. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Hesabu ya Mgiriki, haki ya Mkurya!

Jumatano, 9 Julai.

Kazi! Nimeamka na jua. Kamba ni ile ya kufungia fahali. Mke wangu Felista kashika ncha moja huku analalamika kwamba maharage yako jikoni. Hatua kumi na tatu huku, kumi na nne kule, kumi na tano kwa mshazari, kigingi, piga! Nikanyoosha pande zote, tisini kwa urefu, hamsini kwa upana, nimepima kwa fimbo yangu ambayo ni mita moja.

Chokaa iko stoo kwa Erasto. Nilimtumia mtu. Akajibu atatoa, ila na jina lake litangazwe kwenye spika. Thubutu! Nimekwenda nyumbani nikatwanga magadi ya ng'ombe, yale ya kuwalambisha, debe zima. Meupe pe! Mistari ikang'aa mpaka nikafumba macho.

Felista alisimama kwenye kona, akainamisha kichwa, akasema uwanja unafanana na kitanda cha kamba kilichovunjika mguu. Nikamweleza kwamba kilichoinama ni kilima. Akainamisha kichwa upande wa pili. Akasema basi na kilima kiende kwa fundi.

Erasto alipita akiwa juu ya baiskeli. Akashuka. Akapaza sauti ili na walioko mtoni wasikie, akiniita kijana kwa Kikurya: "Mura, uwanja wako umelewa! Umeunywesha nini?"

Wivu.

Alhamisi, 10 Julai.

Nashindwa kuandika kwa hasira. Naandika.

Ng'ombe. Ng'ombe arobaini wa jirani yangu Emanuel. Wamefika asubuhi kwenye malisho yao ya kila siku wakakuta nimewaandalia sherehe. Walijipanga! Sijawahi kuona ng'ombe wana adabu hivyo. Mstari mmoja, kichwa chini, ulimi nje, kutoka kona hadi kona. Wamelamba pembeni, wamelamba katikati, lile duara zuri, kitu pekee ambacho hakuna mtu angenikosoa, wamelimaliza. Mtamba mmoja alibaki kwenye alama ya penalti, akalamba mpaka akachimba shimo.

Nikamfuata Emanuel anilipe uwanja wangu. Akasema nimshukuru yeye hajanidai gharama ya kuwaharisha. Akaongeza kwamba kwa miaka thelathini ya kufuga hajaona mtu aliyeita ng'ombe uwanjani kwa ustadi namna ile.

Erasto alicheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kupumua akaniletea mfuko wa chokaa bure. Akasema keshalipwa, na chenji imebaki. Vigingi vyangu vilikuwepo bado, basi nikachora upya palepale.

Jioni akaja Robi. Shikamoo mjomba, marahaba. Akazunguka uwanja mzima. Akaniuliza kama nimetumia tatu, nne, tano. Nikamwambia nimeiboresha. Nikamweleza habari ya nyumba tatu za babu yake, kila nyumba kumi kumi. Akachuchumaa, akaandika kwa kijiti kwenye vumbi. Kumi na tatu mara kumi na tatu, mia moja sitini na tisa. Kumi na nne mara kumi na nne, mia moja tisini na sita. Jumla mia tatu sitini na tano. Halafu kumi na tano mara kumi na tano. Mia mbili ishirini na tano.

Akanitazama. Akasema hazifanani hata kidogo, mjomba. Ule upande wa mshazari umepunjwa, ndiyo maana kona imebana.

Nikamwambia umepunjwa vipi na umepata kumi kama wenzake?

Hakubishana. Alisema tu kwamba mama hatabadili neno lake, na kwamba kocha haji mara mbili. Akafuta hesabu kwa mguu, ule wa kushoto, akaenda zake.

Nilipata kitu kama kiungulia. Nadhani ni maharage ya Felista, jana yaliungua.

Ijumaa, 11 Julai.

Siku ya kihistoria! Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi Bwana Osward kafika kwa pikipiki. Mtu mwembamba, kalamu mbili mfukoni, hacheki. Nikampa mkono na habari ya uwanja wa ndege. Akasema asante, akatoa futi. Pande zikatoka vizuri. Nikamkonyeza Erasto. Kumbe bado! Akavuta futi kutoka kona hadi kona, kwa mshazari, kukatiza uwanja wote. Mita mia moja kumi na nane na nusu. Akaenda mshazari wa pili. Mita themanini na nne na nusu.

Akarudia. Vilevile.

Akasema uwanja wa haki mishazari yake inalingana, tofauti ikiwa kubwa hivi ni mara yake ya kwanza kuiona tangu aajiriwe. Kwa sekunde nzima nilidhani ananisifu. Halafu akaweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaandika: Turwa.

Hakuna aliyenizomea. Heri wangenizomea. Waisiko aligeuka akaanza kurudi nyumbani. Robi alikuwa amesimama kwenye kona yangu iliyobana, mpira umebanwa kwapani, hatoi chozi, anaangalia ile kalamu tu. Kile kiungulia kikanirudia, na leo sijala maharage.

Nikasikia mdomo wangu unasema: Bwana Osward, kabla hujatia sahihi, umewahi kufukuzwa na nyati?

Akainua kichwa. Akasema hapana.

Basi! Nikamshika mkono nikamketisha kwenye gogo, mgongo kwenye uwanja. Felista, Mungu ambariki mke yule, akatokea na chai na viazi vitamu bila kuitwa. Nikaanza. Nyati walikuwa watatu. Kwa pembeni ya jicho nikamwona Mwalimu Theodosia anakunjua kamba, na wasichana kumi na mmoja wanakimbia kuipokea. Nikaongeza nyati wa nne.

Wale watoto! Matawi ya miti, wakafagia chokaa yangu yote. Kina mama wakatoka majikoni na ndoo za majivu. Robi ndiye anaamuru kwa mkono tu, bila sauti. Mita thelathini huku, arobaini kule, hamsini kwa mshazari. Upendeleo mtupu! Anayepata hamsini ameongezewa arobaini na tano nzima, masikini wa tatu kapewa ishirini na saba! Moyo uliniuma. Nilitaka kunyanyuka nikapinge. Lakini mdomo ulikuwa kazini, nyati wamefika saba, mmoja ni kilema na ana kisasi na ukoo wetu, na Bwana Osward ameacha kutafuna.

Dakika tisini, urefu wa mechi nzima! Nimemwambia habari ya nyati, ya mamba wa Mto Mara aliyeniomba msamaha, na ya rubani aliyelia. Alipotaka kugeuka nilimwonyesha kovu la goti. Alipotaka kugeuka tena nikamwonyesha la pili, ambalo ni la baiskeli, lakini leo lilikuwa la simba. Dada yangu Waisiko alikuwa amerudi. Alisimama mbele yetu na ndoo ya majivu kichwani, akasema kwamba hadithi hii anaijua tangu nyati alikuwa mbuzi. Nikakaza sauti.

Hatimaye Mwalimu Theodosia akaja amejaa majivu mpaka kwenye nyusi, akamwomba afisa arudie kipimo kidogo. Osward akageuka. Akautazama uwanja. Akanitazama mimi. Akamtazama nyati wa saba, naye hayupo.

Akapima. Mshazari wa kwanza, mita mia moja na mbili na sentimita tisini na sita. Wa pili, mita mia moja na mbili na sentimita tisini na sita.

Alichana ile karatasi. Vigelegele! Erasto mwenyewe alinibeba hatua mbili akanitua, akasema mimi mzito kuliko maneno yangu. Bwana Osward hakucheka, ila aliniuliza pembeni yule nyati kilema aliishia wapi. Nikamwambia anakuja Jumamosi kwenye mpira.

Jumamosi, 12 Julai.

Tumeshinda! Moja bila!

Dakika ya themanini na moja. Kona. Robi akauweka mpira pale palepale kwenye pembe, akaitazama ile kona kama mtu anayemtazama ndugu yake, akapiga kwa kushoto. Ukapinda wenyewe hewani, golikipa akaruka kuupokea huku, wenyewe ukaingia kule. Nilikimbia uwanjani. Nilitolewa. Nikakimbia tena.

Kocha wa Musoma hakusubiri filimbi. Alikwenda moja kwa moja kwa Waisiko, wakaongea muda mrefu. Dada yangu aliuliza kama bweni lina uzio, kama kuna matroni, kama wanakula vizuri. Mwisho nikaona amefuta macho kwa kanga, ametikisa kichwa kukubali. Robi anaondoka wiki ijayo! Aliniambia ataniandikia barua. Nikamwambia aandike na mambo ya hesabu, nitamsahihishia.

Kasoro moja tu. Kiti cheupe cha meza kuu alikalia Mwalimu Theodosia. Spika ikamshukuru yeye, ikamshukuru Robi, ikawashukuru kina mama wa majivu, kisha ikamshukuru mzee Nchagwa kwa kulisha ng'ombe. Watu wakapiga makofi sana. Nikasimama nikainama mara tatu.

Jumapili, 13 Julai.

Dume limechinjwa baada ya ibada. Nilikwenda na sahani ya kidari. Bwana Osward, aliyekuja kula akasahau kuondoka, ndiye aliyegawa. Kidari kikaenda kwa Mwalimu. Mimi akanikabidhi ulimi. Mzima! Akasema ndicho kiungo kilichofanya kazi kubwa Ijumaa. Watu walicheka kwa furaha kuona nimeheshimiwa.

Nimekaa nimefikiri juu ya wiki hii. Ukweli uko wazi. Uwanja wangu usingekataliwa, wa pili ungetoka wapi? Mimi ndiye mwanzilishi. Na ule wao, nasema humu ndani tu, umesimama kwa bahati. Dhuluma haidumu. Mvua ya kwanza tutaona.

Habari njema! Nimesikia shule inataka uwanja wa mpira wa pete, na Mwalimu bado hajamtafuta mtu. Nimemtumia salamu aache kuhangaika, nimeshaanza. Huu ni uwanja mdogo, kwa hiyo badala ya kuongeza napunguza. Tena kwa haki ileile, kila nyumba natoa mbili. Tatu inabaki moja, nne inabaki mbili, tano inabaki tatu.

Nimeijaribu jioni hii uani. Kamba ya fahali, vigingi vitatu. Moja huku, mbili kule, tatu kwa mshazari. Kitu cha ajabu, kigingi cha katikati kinakataa kabisa kutoka pembeni. Nikivuta, hakuna nafasi. Kamba yote imelala chini imenyooka kama nyoka aliyekufa. Felista alikuja akasimama juu yake, akauliza kona iko wapi.

Tatizo ni kamba, imezoea fahali. Kesho nanunua mpya.